Bibi Yuko Ukutani

Ukoo wetu una sifa moja ambayo mtaa mzima utaithibitisha: hakuna mtu aliyewahi kutoka mlangoni kwetu na kitu cha bure. Sisi ni wagumu. Ukituomba chumvi tunakuuliza kwanza kama umetafuta vizuri kwako. Babu aliwahi kumwazima jirani ngazi, akaenda kuishikilia mwenyewe mpaka kazi ikaisha, si kwa usalama wa jirani, bali ngazi isije ikazoea kwa watu.

Asubuhi ninayoizungumzia, Bibi alikuwa chumba cha mbele kwenye cherehani, anapinda pazia la bwana wa duka la vioo, jirani yetu. Pini amezibana mdomoni. Babu amekaa sakafuni anasafisha koki. Alikuwa fundi bomba aliyestaafu, ila mabomba ya mtaani yalikuwa hayajapewa taarifa. Yeye na Bibi waliitana Fundi, wote wawili, na mtu akiita "Fundi" mle ndani, aliyekuwa na kosa ndiye aliyeitika.

Ikapigwa hodi. Ni mchoraji, mpangaji wa chumba cha juu, kijana mpole mwenye rangi kwenye kucha, yeye na rafiki yake aliyembebea turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumvi hatuna."

"Sikufuata chumvi. Naomba kumwazima mama kwa asubuhi moja tu. Nataka nimchore akiwa anashona."

Babu akamtazama Bibi. Bibi, kwa sababu ya pini, hakuweza kusema neno, na hiyo ni nafasi ambayo Babu alikuwa akiisubiri tangu siku ya ndoa.

"Mchukue," Babu akasema. "Mchukue jumla. Hata chenji sitaki."

Tukacheka wote. Bibi mwenyewe alicheka kwa pua. Na hivyo ndivyo mtu wa kwanza alivyotoka kwetu na kitu cha bure.

Picha ilitoka vizuri. Bibi ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, mguu uko kwenye pedeli, kitambaa cheupe kinapita chini ya sindano na kumwagika hadi sakafuni. Ilifanana naye kuliko yeye mwenyewe anavyofanana akiamka. Mchoraji akaiuza kwa jumba la sanaa, akahama chumba, na habari za mwisho tulizozipata ni kwamba siku hizi anachora farasi.

Siku picha ilipotundikwa ukutani, Bibi akaondoka kwenye kiti chake. Alikuwa anashona. Uzi ulibaki, sindano alikwenda nayo. Shangazi, bintiye, alipoingia alikuta gurudumu la cherehani bado linazunguka. Akalisimamisha kwa kiganja ili mkanda usichomoke, kisha akaenda kumwambia Babu uani.

"Mama hayupo."

"Atakuwa kwenye ile picha."

"Nami nimewaza hivyo hivyo," Shangazi akasema, akaingia ndani kuzima jiko.

Bibi alirudi picha iliposhushwa na kufungiwa kwenye kasha. Tulimkuta kitini, ana unga wa mbao mabegani, anaomba chai. Utaratibu ukaeleweka: picha ikitundikwa, Bibi yuko ukutani, picha ikiingia kwenye kasha, Bibi yuko nyumbani. Si utaratibu mgumu. Mtaani kwetu kuna mwanamke mumewe anafanya kazi kiwanda cha saruji kwa zamu, na zamu zile mpaka leo hakuna anayezielewa, hata kiwanda.

"Wakoje watu wa huko?" Babu alimuuliza.

"Wana adabu," Bibi akasema. "Ila wanasoma kibandiko kwanza. Wakishamaliza kusoma ndipo wananitazama, kuhakikisha kibandiko hakijakosea."

"Kimeandikwaje?"

"'Mwanamke, cherehani.'"

Babu akafikiri kidogo. "Hakijakosea," akasema.

Basi tukaendelea kuishi. Maharusi waliotaka gauni walijifunza kuuliza kwanza Bibi yuko wapi. Shangazi alishona pindo na vishikizo, lakini mikono ya magauni ilimshinda. Mikono aliiacha hadi mama yake arudi, na wapo waliofunga ndoa zao bila mikono wakasema ndiyo mtindo.

Tatizo lilianza picha ilipopendwa.

Kuna gazeti moja la wasafiri ambalo kila mwaka hutaja maonyesho ya sanaa yanayostahili kupandiwa ndege majira ya kuchipua, wakati miti inatoa maua na watu wenye nafasi wanaona uvivu kukaa kwao. Mwaka huo picha ya Bibi ikatajwa. Mwaka uliofuata ikatajwa tena, mahali pengine. Sisi tulidhani majira ya kuchipua huja mara moja kwa mwaka, yakiisha yameisha, tunarudishiwa mtu wetu. Tulikosea. Maua yakipukutika upande huu wa dunia, upande wa pili ndiyo kwanza yanafumbua macho, na picha inavushwa kuyafuata. Kwa hiyo duniani daima kuna mahali panapochipua, na Bibi yuko hapo, ukutani, anapinda pazia.

Tukabaki na siku za kasha pekee. Siku za ndege, siku za bohari, na zaidi ya zote, siku za forodha. Watu wengine wakiisikia forodha hununa. Sisi tuliipenda. Mzigo ukikwama kwa ofisa mwenye mashaka, Bibi alikula chakula cha mchana nyumbani. Kuna mwaka maofisa wa bandari fulani waligoma, na nyumba nzima tukawaunga mkono kwa moyo wote, ingawa hatukujua wanadai nini. Wiki ile Bibi alishona mikono ya maharusi wote.

Lakini alikuwa amechoka. Kichwa chake kilibaki kimeinama kushoto hata akiwa anakula, na usingizini mguu wa kulia ulikanyaga godoro, taratibu, bila kupumzika.

"Lile pindo bado sijalimaliza," alimwambia Babu. "Nashona mchana kutwa. Nikitazama, niko palepale."

"Ungelikata."

"Mkasi hakuuchora."

Babu hakuwa na mzaha wa kujibu. Mimi nilikuwepo, na nakuhakikishia kwamba hilo lilinitisha kuliko pindo.

Halafu Babu akaugua. Ulianza mguu mmoja kuvimba, wa pili ukauiga, kisha pumzi ikawa inapanda juu kama maji yasiyo na presha. Ni yeye aliyesema hivyo, kwa lugha ya kazi yake. Daktari alizungumza na Shangazi ukumbini kwa sauti ya chini, akasahau kwamba Babu ametumia maisha yake yote akisikiliza mabomba yaliyo ndani ya kuta. Alisikia kila kitu.

"Sawa," akatuambia tulipoingia. "Kufa si shida. Ila nataka Fundi awe hapa. Nitazame uso wake. Za kwenu ni nyuso za watu wanaosubiri basi."

Ndilo jambo pekee aliloomba. Hakutaka dawa ya ghali, hakutaka daktari mwingine. Alitaka mkewe akae kwenye kiti pembeni ya kitanda.

Na hapo ndipo bahati ilipotuonea, maana mwaka huo maonyesho yalikuja mjini kwetu. Gazeti la wasafiri lilitutaja sisi. Hoteli zikajaa. Watu walivuka bahari kuja kumtazama Bibi, kwenye jumba kubwa lenye ngazi za mawe ng'ambo ya daraja, ambalo ukisimama juu ya paa letu unaliona bomba lake la maji ya mvua, ambalo Babu alisema limefungwa vibaya. Bibi alikuwa hajawahi kuwa karibu namna ile tangu umaarufu uanze. Na alikuwa ametundikwa.

Tulikwenda. Babu alikodiwa teksi, akapanda ngazi zile akipumzika kila mahali palipokuwa na mahali pa kupumzikia. Ukumbini tulimkuta Bibi katikati ya ukuta mweupe, taa mbili zimeelekezwa kwake, na watu wamesimama nyuma ya kamba.

"Fundi," Babu akasema.

"Fundi," Bibi akajibu, mguu haukutoka kwenye pedeli. "Umekonda."

"Ni mkanda umerefuka."

"Dawa unakunywa?"

"Zile tamu."

"Shuka nzito ziko juu ya kabati, si ndani. Mwambie binti yako asivuruge kabati."

"Shuka si shida," Babu akasema. "Shida ni kushuka. Utashuka lini?"

"Wakinishusha."

Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu. Walidhani sisi ni sehemu ya maonyesho, na mwanamke mmoja aliinama kukisoma upya kibandiko, akitafuta palipoandikwa mzee. Babu akavuka kamba. Akaweka kiganja kwenye fremu, karibu na bega la Bibi. Kengele ikalia. Walinzi wawili wakaja wakamshika viwiko, kwa heshima kabisa, na walipokuwa wakimtoa watu wakapiga makofi.

Tulipelekwa ofisini kwa msimamizi wa maonyesho. Alikuwa mama mwenye sauti laini, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alituletea maji yeye mwenyewe. Mimi nilipata kiti nyuma ya mmea mkubwa wa chunguni, kwa hiyo nadhani mpaka tunaondoka hakujua kama nilikuwemo.

"Mzee wangu," akasema, "pole sana kwa maradhi."

"Nishushie mke wangu," Babu akasema. "Jioni moja tu. Au mfunikeni na kitambaa, nadhani hata kitambaa kitatosha. Nyumbani kipo, kisafi."

"Kuna watu wamepanda ndege mbili kuja kumwona."

"Na mimi nimepanda ngazi zenu kwa miguu hii. Hiyo si safari?"

"Ni safari, mzee. Lakini tatizo ni kwamba ulimtoa mwenyewe."

"Kijana alikuja kuazima."

"Ndiyo. Yeye aliomba kuazima, kwa asubuhi moja. Wewe hukukubali kuazimisha. Ukasema mchukue. Rafiki yake alikuwepo, alisikia."

"Nilikuwa natania."

"Ulisema jumla?"

"Nilisema."

"Na chenji?"

"Nilisema sitaki." Babu akageukia dirishani. "Hata wewe ungekuwepo ungecheka."

Msimamizi hakucheka. Shangazi akaingilia, akamweleza kwamba nyumbani kwetu ndivyo watu wanavyopendana, kwamba Babu huyu alimuita mkewe fundi mbovu mbele ya wageni na mchana akambebea maji ya kuoga, kwamba siku akisema kitu bila mzaha tunamtafutia kipimajoto.

"Naelewa, dada," msimamizi akasema. "Kweli naelewa. Lakini nitaonyesha vipi kwamba ilikuwa mzaha? Hakuna mahali panapoonyesha mtu alicheka."

"Tulicheka wote," Shangazi akasema. "Mama mwenyewe alicheka."

"Alicheka?"

"Kwa pua. Alikuwa na pini mdomoni."

Msimamizi akavaa miwani yake, akafungua kitabu kikubwa cha maonyesho kwenye ukurasa wa Bibi, akautazama kwa muda. Akatugeuzia tuone.

"Kwenye picha hana pini," akasema, na nadhani alitusikitikia kweli.

Kesho yake pale mlangoni pakawekwa kibao: jamaa wa watu waliochorwa wanaombwa wasiingie ukumbini, kwa ajili ya utulivu wa wageni.

Kikabaki kitu kimoja, kungoja. Maonyesho yangefungwa maua yakiisha, picha ingerudi kwenye kasha, na Bibi angekuwa kitini. Babu akaamua kungoja. Alihamishiwa kitanda dirishani, mkabala na mti wa barabarani uliokuwa umejaa maua meupe, na kuanzia hapo akawa na uadui na mti ule. Upepo ukivuma alifurahi. Mvua ikinyesha alitaka dirisha lifunguliwe asikie maua yanavyoanguka. Siku zenye utulivu alinituma.

"Nenda kautingishe."

"Babu, watu wataniona."

"Ndiyo uzuri wake. Wakikuuliza sema unatafuta kazi."

Nikaenda nikautingisha. Mwenye duka la vioo alitoka, akasimama mlangoni akinitazama na maua kichwani mwangu.

"Umepoteza nini huko juu?"

"Namsaidia Babu."

"Aa," akasema. "Tingisha na tawi lile la barabarani. Lile limebana." Akaniletea fimbo.

Mti ukapungua. Majani yakaanza kuchukua nafasi ya maua, na Babu, aliyekuwa hali tena zaidi ya vijiko vichache, alinyolewa ndevu akavaa fulana safi. Shangazi akapangusa kiti cha pembeni ya kitanda. Hata pazia la bwana wa vioo, ambalo siku zote hizo lilikuwa halijapindwa, lilikunjwa likawekwa kando ili Bibi akifika asilione akaanza kazi.

Jioni hiyo nilikuwa natoka ng'ambo ya daraja nikaona watu wamepanda juu ya mlango wa jumba, wanafunga bango jipya. Walikuwa wanacheka, wanaambiana kushoto kidogo, kulia kidogo. Bango lilisema kwamba kwa sababu ya mapenzi ya umma, maonyesho yameongezewa muda.

Mimi sikumwambia. Shangazi ndiye aliyemwambia, kwa sababu Babu alimuuliza, na Shangazi hajui kudanganya, ni kasoro aliyozaliwa nayo.

"Mpaka lini?" Babu akauliza.

"Hawakusema. Nadhani mpaka watu wapungue."

Babu akautazama mti. Haukuwa na ua hata moja.

"Basi," akasema. Akaomba ageuzwe upande wa ukutani, na hapo kwenye ukuta hapakuwa na kitu, si kalenda, si msumari. Alfajiri Shangazi alipopeleka chai, Babu alikuwa bado anautazama, lakini alikuwa ameshakwenda.

Majirani wakaja, viti vikaazimwa, bwana wa vioo akashika zamu ya kuchemsha maji. Likabaki suala la nani atakwenda kumwambia Bibi. Shangazi mlangoni anajulikana. Mimi nilikuwa nyuma ya mmea.

Nikavuka daraja. Mbele ya jumba palikuwa na kundi la wageni wamevaa kofia za jua, wana kibendera chao, nikajichomeka katikati. Nilitembea kama wao, mikono nyuma, nikisimama mahali pasipo na kitu na kutikisa kichwa. Mlinzi wa mlangoni alinitazama, nikamtazama kama mtu ambaye begi lake limepotelea uwanja wa ndege. Akanipisha.

Bibi alikuwa palepale. Kibandiko kilikuwa kimebadilishwa, kipya, kina herufi nzuri. Kilisema: "Mwanamke, cherehani. Zawadi ya mume wake."

Mwongozaji alikuwa msichana mchangamfu. Akaeleza kuhusu mwanga wa dirishani, kuhusu weupe wa kitambaa na kwamba wataalamu wanabishana kama pindo lile linaanza au linaisha. Akasema picha ikitoka hapa itavuka kwenda mji mwingine, ambako maua ndiyo kwanza yanatoa vichwa, na atakayependa anaweza kuifuata. Wageni kadhaa wakaandika jina la mji. Halafu, kwa sababu nilikuwa mbele kabisa, akanigeukia.

"Na wewe, kaka, umetoka wapi?"

"Mbali," nikasema.

"Umekuja kwa ajili ya huyu mama?"

Mlinzi wa ukumbini alikuwa amesogea, yuko karibu kiasi cha kusikia.

"Hapana. Napita tu. Ndiyo kwanza namwona."

"Mwone vizuri basi," msichana akasema.

"Na asimame wima," Bibi akasema. "Tangu mdogo anasimama kama nguo iliyotundikwa."

Simu zikainuliwa. Mwongozaji akawaambia wageni kwamba huwa anazungumza, hasa asubuhi, na kwamba tafadhali wasiwashe taa za simu, zinaharibu rangi. Mlinzi akashika redio yake begani.

"Babu yako yuko vipi?" Bibi akaniuliza.

Nilikuwa nimetumwa neno moja. Nilikuja nalo kutoka nyumbani, nimevuka nalo daraja.

"Hajambo, Bibi," nikasema. "Anakusalimia. Anasema mguu ukipoa atakuja mwenyewe, bomba lenu la nje limefungwa vibaya."

Bibi alinitazama, kutoka kwenye kola hadi kwenye vishikizo, kisha mshono wa bega, kama anavyomtazama mteja aliyerudi na nguo. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedeli.

"Shati hilo," akasema, "nilikushonea la misibani."